Joseph Monier, mutunza bustani aliyeficha chuma ndani ya betoni

Mutu akiingia buveti ao resto katika uwanda wa Ruzizi, iwe Kamanyola, Luvungi, Mutarule, Sange ao Uvira muji, kitu cha kwanza kinachomupokea ni kontwari. Kontwari ya mbao ndiyo iliyozoeleka. Lakini kuna wenyi biashara wanaomuagiza masoni awamwagie ya betoni: ubao mumoja muzima bila kiungo, uso laini kama sahani, na wengine wanatia rangi nyekundu ao nyeusi ndani ya simenti. Sababu inajulikana. Mbao inakunywa bia na maji, inavimba, inaoza, muchwa wanaikula. Betoni inafutwa na kitambaa, kazi inaendelea.

Kuna kitu ambacho mukunywaji haoni. Ndani ya kontwari ile mulilazwa vyuma, na bila vyuma ingepasuka siku ya kwanza ambapo kijana anaweka kasha mbili za bia juu yake. Wazo la kuunganisha chuma na simenti lilipita kwa watu kadhaa, lakini jina moja lilishikamana nalo kuliko mengine: Joseph Monier, Mufaransa. Hakuwa masoni. Hakuwa injenieri. Alikuwa mutunza bustani.

Mutoto wa kijiji cha wafinyanzi

Monier alizaliwa tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka wa 1823 huko Saint-Quentin-la-Poterie, kijiji cha kusini mwa Ufaransa karibu na muji mudogo wa Uzès. Jina lenyewe linaonyesha kazi ya pale: ni fasi ya vyungu na udongo. Lakini familia ya Monier ilikuwa ya bustani, na ilitumikia mukubwa wa eneo lile, duke wa Uzès. Nyumbani watoto walikuwa wengi, kila mukono ulihitajika shambani, kwa hiyo Joseph hakutumwa masomoni. Alijua jembe mbele ya kujua kalamu.

Kazi yake ilionekana. Alipokuwa bado kijana wa chini ya miaka 20, duke alimutuma Paris kuhuduma bustani ya nyumba yake ya kule. Mutoto wa kijiji akajikuta katika muji mukubwa, hajui kusoma barua. Muchana alishika jembe, mangaribi alienda masomo ya watu wazima, na hivyo ndivyo alijifunza kusoma na kuandika. Kiisha akapata kazi katika bustani ya Tuileries, katikati ya Paris, bustani ya wafalme wa Ufaransa.

Machungwa yasiyopenda baridi

Kwetu muchungwa unasimama inje mwaka muzima, hakuna anayeufikiria. Paris si hivyo. Wakati wa baridi kali muchungwa unakufa. Ndiyo maana kule Tuileries michungwa ilipandwa ndani ya vyombo vikubwa: wakati wa joto inatolewa inje ili watu waione, wakati wa baridi inarudishwa ndani ya nyumba. Yani chombo kimoja kinabeba udongo wenyi maji, kinabanwa na mizizi inayokua, na kila mwaka kinabebwa mara mbili.

Vyombo vya mbao viliharibika kwa unyevu. Vyungu vya udongo vilivunjika njiani. Monier alijaribu simenti, na simenti nayo ikapasuka, juu mizizi ilikuwa inasukuma toka ndani. Karibu na mwaka wa 1849 akajaribu kitu kingine: akatengeneza kwanza umbo la chombo na vyuma vyembamba, kama kitunga kilichosukwa, halafu akakifunika na simenti ndani na inje. Chombo hicho hakikuwa kinene, lakini kilivumilia.

Kwa nini kilivumilia? Simenti ikikauka inakuwa kama jiwe. Ukiikandamiza, inabeba muzigo mukubwa. Ukiivuta, inaachana haraka. Chuma kinapenda kuvutwa. Kwa hiyo mizizi ilipovuta kuta za chombo, chuma ndicho kilishika, na simenti ikakaa fasi yake. Tena kuna bahati mbili ambazo Monier hakuwa na namna ya kuzipima: betoni nzuri inakilinda chuma kisipate kutu, na vitu hivyo viwili vinapanuka karibu sawasawa vikipata joto. Kama kimoja kingepanuka kuliko kingine, vingeachana wakati wa jua la kwanza.

Hakuwa peke yake. Mufaransa mwenzake, Joseph-Louis Lambot, alitengeneza mutumbwi wa simenti na wavu wa chuma, na watu waliuona Paris katika maonyesho makubwa ya mwaka wa 1855. François Coignet naye alikuwa anajenga na betoni. Tofauti ya Monier ni kwamba hakuachia kwenye kitu kimoja. Tarehe 16 mwezi wa 7 mwaka wa 1867, mwaka ambao Paris ilikaribisha maonyesho mengine ya dunia, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa vyombo vya bustani vya chuma na simenti. Alikuwa na miaka 43.

Kazi kwa komandi

Kufika hapo Monier alikuwa amekwisha kujitegemea. Wateja wake walikuwa watu wenyi bustani na feza. Mumoja anataka beseni la maji, mwingine anataka miamba ya bandia yenyi kufanana na ya mulimani. Masoni anayekubali kazi kama hizo hauzi tofali, anauza sura. Simenti inapokuwa bado mbichi inapokea alama yoyote: kidole, burashi, kisu, hata maganda ya muti. Kila kazi inaagizwa kivyake, na kila uso unatoka tofauti.

Toka kwenye vyombo vya maua, akaongeza kitu kimoja kwa kingine. Mwaka wa 1868 alichukua hati ya mabomba na mabeseni, 1869 ya mabamba ya kufunika nyumba, 1873 ya madaraja, 1878 ya mihimili. Mwaka wa 1875 alijenga daraja ndogo kwenye shamba la tajiri mumoja huko Chazelet, katikati ya Ufaransa, ya urefu wa karibu metre 14. Inahesabiwa kuwa daraja ya kwanza ya betoni yenyi vyuma. Wavuni wake wa pembeni ulipewa sura ya miti, kwa ginsi mutunza bustani alivyopenda. Daraja hiyo ingali inasimama.

Chuma kikae wapi?

Hapa ndipo maisha ya Monier yanagusa kila kontwari ya Uvira. Katikati ya miaka ya 1880 aliuza haki za uvumbuzi wake kwa wafanya biashara wa Ujerumani. Mumoja wao, Gustav Adolf Wayss, alienda Berlin kutafuta kazi kwenye jengo kubwa la Bunge, Reichstag. Injenieri aliyekuwa anasimamia pale, Matthias Koenen, hakuamini mara moja. Aliogopa kutu, aliogopa joto, aliogopa chuma kitateleza ndani ya simenti. Walifanya majaribio: walipakia mizigo juu ya mabamba ya betoni mpaka yavunjike, wakaangalia yamevunjikia wapi. Koenen akashawishika, akaandika ginsi ya kuhesabu. Mwaka wa 1887 Wayss alitoa kitabu juu ya mufumo wa Monier, pamoja na mahesabu hayo.

Kumbe Monier alizoea kuweka wavu wa chuma katikati ya unene wa bamba. Kwa chombo cha maua hiyo inatosha, juu kazi yake ni kushikilia umbo. Kwa bamba lenyi kubeba muzigo haitoshi. Koenen alionyesha kwamba chuma kinapaswa kukaa upande unaovutwa.

Mutu anaweza kujionea kwa muhogo mubichi. Weka kipande cha muhogo juu ya mawe mawili, bonyeza katikati. Ufa unaanzia chini. Kontwari iliyolala juu ya kuta mbili ni hivyohivyo: vyuma vyake vikae karibu na chini. Lakini ikiwa sehemu ya kontwari inatokeza mbele ya ukuta, ili wateja waingize magoti, mambo yanageuka. Mutu akiegemea pale, upande wa juu ndio unavutwa, kwa hiyo vyuma vya sehemu hiyo vinapanda juu na kuingia mbali ndani ya sehemu iliyoshikiliwa. Masoni anayeweka vyuma katikati kila fasi, juu ndivyo alivyofundishwa, anafanya kosa lile ambalo Monier mwenyewe alilifanya.

Kuwa karibu na uso si kugusa uso. Chuma kinaomba kufunikwa na betoni ya sentimetre mbili ao zaidi. Kikikaribia hewa na maji kinapata kutu, kutu inavimba, na betoni inatoka vipandevipande. Ndiyo maana masoni wazuri wanaweka vijiwe vidogo vya simenti chini ya vyuma mbele ya kumwaga, ili visilale juu ya mbao za kofraji.

Jina likakimbia, mwenyi jina akabaki

Huko Ujerumani kazi iliendelea haraka. Majumba, madaraja na matangi yalijengwa kwa mufumo wa Monier, na mafundi wa kule wakaita vyuma vya betoni Moniereisen, yani chuma cha Monier. Huko Australia madaraja na mabomba yalibeba jina lake. Wenyi kutengeneza divai huko Ulaya nao wakaanza kujenga mapipa yao makubwa na betoni pahali pa mbao.

Ni feza ambayo haikumufuata. Monier alikuwa ameuza haki zake za inje, na biashara iliyokua kule haikuwa tena yake. Nyumbani Ufaransa, mwaka wa 1888, kampuni yake ilifilisika. Alijaribu kuanza tena, lakini wengine wenyi masomo na mahesabu walikuwa wamekwisha kumupita, kati yao François Hennebique, ambaye mufumo wake wa mihimili na nguzo ulienea katika inchi nyingi. Alikufa Paris tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 1906, akiwa na miaka 82, katika umasikini.

Si vizuri kusema tu kwamba alidanganywa. Aliuza kwa kupenda, na bila Wayss na Koenen chombo chake cha machungwa kingebaki katika bustani. Lakini wao pia, bila mikono yake, hawangekuwa na kitu cha kuhesabu. Mumoja alijua kwa kugusa, wengine kwa kupima, na betoni ya leo ilihitaji wote.

Mbele ya kumwaga

Simenti haiko mbali na uwanda. Upande wa pili wa Ruzizi kuna kiwanda cha Bugarama huko Rwanda, ngambo ya Kamanyola, na kingine huko Cibitoke katika Burundi. Lakini gunia lina bei, na kishawishi cha kuongeza muchanga na kupunguza chuma kiko kwa kila kazi. Tena jua la uwanda ni kali. Betoni ikikaushwa na jua siku ya kwanza inatoa nyufa ndogo na uso wake unakuwa unga. Inaomba kufunikwa na magunia yaliyolowana na kumwagiliwa kwa siku karibu saba. Mutunza bustani yeyote angeelewa hiyo bila kufundishwa. Na mwenyi resto ajue kwamba ndimu na nyanya zinakula uso wa simenti. Nta ao mafuta ya kufunika yanapakwa mbele ya kufungua mulango, yanarudiwa kila wakati.

Yote hayo yanaonekana, isipokuwa vyuma. Vikifunikwa, hakuna atakayejua viko vingapi wala viko wapi, mpaka siku ubao unapasuka juu ya miguu ya wateja. Kwa hiyo anayeagiza kontwari, dala ao ngazi ana haki ya kuitwa mbele ya betoni kumwagwa, ainame, aangalie ndani ya kofraji, ahesabu. Masoni anayejua kazi yake hatakasirika.