Richard St. Barbe Baker na Shauri la Mungu

Jina la Richard St. Barbe Baker linajulikana zaidi Kanada na Uingereza kuliko Kenya, ilhali ni nchini Kenya, katika eneo la Muguga, ambako kazi iliyompa umaarufu ilizaliwa. Wanaomkumbuka humtaja kama mpanda miti. Ni kweli alikuwa mpanda miti, lakini kumwita hivyo tu ni kumpunja. Baker alikuwa mtaalamu aliyesomea taaluma ya misitu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na papo hapo alikuwa muumini wa dini ya Kibaha'i kwa takriban miaka 58. Kwake yeye mambo haya mawili hayakutengana. Maisha yake, kwa hivyo, ni mahali pazuri pa kulitazama suala la uhusiano wa sayansi na imani: pale ambapo viwili hivyo vilisaidiana, na pia pale ambapo imani ilimkimbiza akaitangulia sayansi.

Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 huko West End, kijiji kilicho karibu na mji wa Southampton kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa na kitalu cha miti na aghalabu alihubiri Injili. Mtoto huyo alikua akijifunza kuatika mbegu na kusikiliza mahubiri kwa wakati mmoja. Uzeeni alisimulia jinsi alivyoruhusiwa, angali mdogo sana, kuingia msituni peke yake, akapotea njia katika vichaka na misonobari, na badala ya kuogopa akajawa na furaha ambayo hakuweza kuieleza. Alisema ni kama kuzaliwa mara ya pili. Msomaji mwenye shaka anaweza kuuliza ni kiasi gani cha kumbukumbu hiyo kilitiwa nakshi na mzee aliyeisimulia miongo mingi baadaye. Hata hivyo, hakuna sehemu ya maisha yake ya utu uzima inayopingana nayo.

Mwaka wa 1909 alivuka bahari kwenda Kanada, akawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan mjini Saskatoon. Ili apate riziki, alifanya kazi katika kambi ya wakata magogo karibu na Prince Albert. Huko aliona mambo mawili ambayo hayakumtoka akilini. La kwanza ni jinsi miti mingi ilivyoangushwa na kuachwa ioze. La pili ni walowezi waliong'oa vichaka vya mbuga ili walime ngano, kisha upepo ukaja ukaupeperusha udongo wao. Alirejea Uingereza na kuanza kusomea theolojia Cambridge kwa nia ya kuwa kasisi. Vita Vikuu vya Kwanza vikaikatiza nia hiyo. Alipigana Ufaransa katika kikosi cha mizinga, akajeruhiwa, na vita vilipokwisha alirudi Cambridge, safari hii kusomea misitu. Si kwamba alikuwa ameiacha dini; alikuwa ameamua kwamba mahali pake pa kuitumikia ni nje ya kanisa, penye udongo na miche.

Mwishoni mwa mwaka wa 1920 alifika Kenya, nchi ambayo mwaka huohuo ilikuwa imetangazwa kuwa koloni, akiwa Msaidizi wa Mhifadhi wa Misitu. Alipohamishiwa Ukikuyu alikuta vilima vingi vimebaki vipara. Baker alililaumu zoea la wenyeji la kufyeka msitu, kulima misimu michache, kisha kuhama. Lawama hiyo ilikuwa na upungufu mkubwa. Ufyekaji wa kuhamahama huuachia msitu nafasi ya kujirejesha endapo ardhi ni pana, na ardhi ya Wakikuyu ilikuwa imefinywa na serikali ileile iliyomwajiri Baker. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka wa 1915 ilikuwa imewafanya Waafrika kuwa wapangaji tu katika nchi yao, na mashamba makubwa yalikuwa yamekabidhiwa walowezi. Kwa haki yake, ni lazima isemwe kwamba Baker aliona pia uharibifu wa walowezi na wa kampuni za mbao, na kadiri miaka ilivyosonga ndivyo alivyozidi kuutaja.

Jambo la maana zaidi ni mazungumzo yake na wazee. Alipowasihi wapande miti, walimjibu kwamba miti ni shauri la Mungu. Afisa mwingine angelitafsiri jibu hilo kuwa uvivu au ushirikina na kutoa amri. Baker alilichukua kama hoja, naye akaijibu kwa hoja. Aliwaeleza kwamba Mungu huotesha miti kutokana na mbegu, na mbegu hutoka kwa miti mikubwa. Wakiikata yote, watakuwa wamemwondolea Mungu njia aliyoiweka mwenyewe. Hili lilikuwa somo la sayansi ya mimea, lakini lilitolewa ndani ya imani ya wasikilizaji. Aliweza kulitoa kwa sababu alikuwa ameanza kujifunza imani yenyewe. Alijua kwamba Mkikuyu aliyefyeka msitu alikuwa na desturi ya kuacha mti mmoja mkubwa ukiwa wima, ili roho za miti iliyokatwa zipate makao. Alijua pia kwamba chini ya mugumo watu walimwomba Ngai. Watu wenye imani kama hiyo hawakuhitaji kufundishwa kwamba mti una thamani. Lililokosekana ni kuiunganisha thamani hiyo na kitalu.

Kiungo kilichopatikana ni ngoma. Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda na ngoma ya mavuno, lakini hawakuwa na ngoma ya miti. Baker, kwa shauri na msaada wa Josiah Njonjo, aliyekuwa msaidizi wake na ambaye alikuja kuwa chifu mashuhuri, alitangaza ngoma hiyo. Aliahidi ng'ombe dume kwa kijana atakayejipamba vizuri kuliko wenzake, na mkufu wa shanga kwa msichana atakayewashinda wengine. Tarehe 22 Julai 1922, kwa hesabu yake mwenyewe, vijana wapatao 3,000 walifika kambini kwake Muguga. Hamsini kati yao walichaguliwa wawe wa kwanza katika chama kilichoitwa Watu wa Miti. Waliahidi mbele ya Ngai kuilinda misitu ya asili, kupanda miti kumi ya kienyeji kila mwaka, na kuitunza miti popote ilipo. Neno lao la kutambulishana lilikuwa Twahamwe, lenye maana ya kuwa wote ni kitu kimoja.

Mambo mawili katika kiapo hicho yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kwanza, kilitaja miti ya kienyeji, wakati ambapo idara za misitu za kikoloni zilishabikia miti ya kigeni inayokua haraka. Pili, hakikuwa kiapo kwa Mfalme wa Uingereza wala kwa Mungu wa wamishenari. Kijana Mkristo aliyelelewa na baba mhubiri alikuwa amekubali kwamba jina la Ngai linatosha.

Pamoja na hayo, ngoma ile haiwezi kutengwa na mwaka wake. Tarehe 16 Machi 1922, miezi minne tu kabla yake, umati uliodai kuachiliwa kwa Harry Thuku ulipigwa risasi jijini Nairobi, si mbali na Muguga, na wengi wakafa. Vijana waliokuja kucheza walikuwa ndugu na majirani wa waliouawa. Masimulizi yanayoishangilia ngoma ya miti hulipita jambo hili kimya, na kimya hicho kinaifanya hadithi iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Inasimuliwa kwamba Baker mwenyewe alikosana na wakubwa wake baada ya kujitia katikati ili kumkinga Mwafrika asipigwe na afisa wa serikali, akalipokea pigo lile mwilini mwake. Muda wake nchini Kenya haukudumu.

Mwaka wa 1924 alikuwa London. Majira ya vuli ya mwaka huo ulifanyika mkutano kuhusu dini zilizokuwa hai katika Dola ya Uingereza, nao wazungumzaji wengi walikuwa wafuasi wa dini walizozieleza. Baker alialikwa kuzungumzia imani za makabila ya Afrika ya Mashariki. Ni dosari kwamba hapakuwa na Mkikuyu wa kujisemea. Hata hivyo, Baker aliieleza imani ya Wakikuyu kama dini kamili na si kama upungufu wa dini. Baada ya hotuba, mwanamke mmoja Mbaha'i alimwendea na kumwambia kwamba yeye tayari ni Mbaha'i, maana ameonyesha heshima kwa dini isiyo yake. Baker alisoma maandiko aliyopewa, akajiunga.

Kwa nini mtaalamu wa misitu aliyekuwa na dini yake avutwe na dini changa iliyotoka Uajemi? Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Dini hiyo, iliyoasisiwa na Baha'u'llah (1817–1892), inashikilia kwamba Mungu ni mmoja na dini kubwa zina chimbuko moja. Mwanawe, Abdu'l-Baha (1844–1921), katika mazungumzo yake mjini Paris mwaka wa 1911, aliilinganisha sayansi na dini na mabawa mawili ya ndege. Alifundisha kwamba mwenye kutegemea bawa la dini pekee huangukia ushirikina, na mwenye kutegemea la sayansi pekee huzama katika kuabudu mali. Fundisho hilo lilimpa Baker maneno ya kueleza jambo ambalo tayari alikuwa amelifanya Muguga bila kulipa jina.

Fauka ya hayo, fundisho hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Kusema kwamba sayansi na dini haziwezi kugongana ni rahisi. Kukubali kwamba, zikigongana, huenda ni ufahamu wa muumini uliokosea, ni jambo zito.

Kuanzia mwaka wa 1925 hadi 1929 Baker alifanya kazi katika misitu ya kusini mwa Nijeria. Huko alichunguza mahogani, mti ulio jamaa ya mkangazi wa Afrika ya Mashariki, na akatambua kwamba hustawi ukizungukwa na miti ya jamii nyingine. Sayansi iliyofuata imempa haki. Shamba la mahogani tupu huvamiwa na nondo ambaye viwavi wake hutoboa vichipukizi vya miche, hata mti ukakua ukiwa umepinda na kugawanyika. Katika msitu mchanganyiko madhara hayo hupungua. Baker aliona humo pia mfano wa umoja wa wanadamu walio tofauti. Mfano huo haukuuharibu uchunguzi, kwa kuwa uchunguzi ulitangulia.

Mwaka wa 1929 alikwenda Palestina, iliyokuwa chini ya Uingereza, kufufua upandaji miti. Mjini Haifa alimtembelea Shoghi Effendi, kiongozi wa Wabaha'i, ambaye alikuwa wa kwanza kulipa ada ya uanachama wa maisha katika tawi la chama hicho huko. Waislamu, Wayahudi na Wakristo walikubali kushirikiana katika kazi ya miti, na hilo katika mwaka ambao damu ilimwagika Palestina. Miaka ya 1930 alizunguka Marekani akitetea misonobari mikubwa ya California. Vitabu vyake vilizidi ishirini. Viwili kati yake, Kabongo cha mwaka wa 1955 na Kamiti cha mwaka wa 1958, vinahusu Ukikuyu, na hicho cha kwanza kilitoka Hali ya Hatari ikiwa bado inaendelea nchini Kenya.

Ndoto yake kubwa kuliko zote ilikuwa Sahara. Mwaka wa 1952 aliivuka jangwa hilo kwa gari pamoja na wenzake wachache, wakaendelea kusini hadi maeneo ya Ikweta. Aliamini kwamba binadamu, kwa shoka, moto na mifugo, ndiye aliyeifanya Sahara kuwa jangwa, na kwamba binadamu huyohuyo anaweza kuirudishia miti. Hapa ndipo bawa moja lilipolizidi jingine. Wanasayansi wa tabianchi wanakubaliana leo kwamba Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa hadi takriban miaka 5,000 iliyopita, na kwamba ilikauka hasa kwa sababu mabadiliko ya polepole katika mzunguko wa dunia yalizidhoofisha mvua za masika. Mchango wa wafugaji ungali unajadiliwa. Baker aliisoma Sahara kama hadithi ya dhambi na toba. Ni hadithi yenye nguvu, na iliwaamsha wengi, lakini ushahidi haukuitegemeza yote. Kwa upande mwingine, dai lake kwamba msitu huurudishia mbingu maji kupitia majani yake, nayo mvua ikanyesha mbali na ulipo, lilipuuzwa na wengi enzi zake, na sasa limethibitishwa katika bonde la Amazon. Mwaka wa 1977, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa kwanza mkuu kuhusu kuenea kwa jangwa. Ulifanyika Nairobi.

Baker alihamia New Zealand mwaka wa 1959, akaoa mara ya pili. Alipokuwa na umri wa miaka 74 alipanda farasi na kuizunguka nchi hiyo akizungumza na watoto wa shule kuhusu miti. Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilimtunuku shahada ya heshima mwaka wa 1971. Tarehe 5 Juni 1982, Siku ya Mazingira Duniani, alipanda mti wake wa mwisho katika chuo hicho akiwa dhaifu mno, na siku nne baadaye akafariki mjini Saskatoon akiwa na umri wa miaka 92. Alizikwa huko huko. Chama kilichoanzia Ukikuyu kikiitwa Watu wa Miti kinaendelea Uingereza kwa jina jingine. Mwaka wa 1986 serikali ya Kenya iliunda taasisi ya kitaifa ya utafiti wa misitu, KEFRI, na makao yake makuu yakawekwa Muguga.