Mbaruk wa Gazi na nyumba aliyotuachia

Wageni wanaofika Gazi siku hizi hupelekwa kuona mikoko. Kina mama wa kijiji wamejenga daraja la mbao ndani ya msitu ule, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umeitangaza Gazi duniani. Ni jambo la kujivunia. Lakini katika kijiji hichohicho ipo nyumba kongwe ya mawe, nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, na wengi huipita bila kuuliza.

Mimi ni mtu wa Munje, na huku kwetu jina la Mbaruk si geni. Ila muulize kijana alikuwa nani, atakwambia alikuwa Mwarabu wa zamani, basi.

Mbaruk alikuwa mtoto wa Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa Kimazrui pale Mombasa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, akawakamata wakubwa wa ukoo kwa hila na kuwapeleka Bandar Abbas, wasirudi tena. Waliosalia waligawanyika: wengine wakaenda Takaungu, wengine wakashuka Gazi. Mbaruk alikulia katika uchungu huo, na alipoishika Gazi hakukubali kuwa mtu wa chini ya Unguja. Aliasi, akapatana, akaasi tena.

Kila aliposhindwa pwani alipanda Mwele, ngome yake kule juu upande wa Shimba. Mwaka 1882 watu wake waliishambulia Vanga, na Sultani Barghash akamtuma Lloyd Mathews kumfuata huko. Ngome ilianguka, Mbaruk akaponyoka.

Vita vya mwisho vilikuja 1895, mwaka ambao Uingereza ilijitangazia ulinzi wa nchi hii. Ndugu zake wa Takaungu waligombana na Waingereza juu ya nani arithi uongozi, wakakimbilia kwake, naye hakuwatupa. Gazi ikatekwa, na mwezi wa Agosti Mwele ikachukuliwa na askari wa Admirali Rawson. Mbaruk aliendelea kupigana msituni hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na wafuasi wake na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910, mbali na nyumba yake.

Wapo wanaomfanya shujaa mtupu. Mimi siwezi. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, na baadhi ya wajukuu wao ni majirani zetu hadi leo. Watu wa Vanga nao wana yao ya kusimulia. Vilevile wapo wanaotaka asahaulike kwa sababu hiyohiyo. Hao pia siwaungi mkono. Kushindwa kwake ndiko kulikomwachia Mwingereza pwani bila wa kumpinga kwa silaha, na mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: asiyethibitisha shamba lake, likahesabiwa la serikali. Kilio cha uskwota tunachokisikia Kwale kina mizizi humo.

Ndiyo maana nyumba ile ina thamani. Kuta zake ni ushahidi wa bwana aliyekaa ndani na wa mikono iliyobeba mawe. Nchi yetu ina Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006. Kaunti ya Kwale na Makumbusho ya Taifa wakae na wazee wa Gazi, waandike kila upande unavyosimulia, waweke kibao, wazikarabati kuta kwa chokaa na si kwa saruji. Vijana wanaowatembeza wageni mikokoni wafundishwe habari hii, wapate cha kusimulia na riziki juu yake.

Chumvi ya bahari haingoji kikao. Wazee nao wanaondoka mmoja mmoja, Mungu awarehemu, na kila anayezikwa huenda na sehemu yake ya kisa.