Mwalimu Nyerere na Mtoto Asiyefikia Umri wa Shule

Katika somo la Historia, maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere aghalabu hufundishwa kama orodha ya tarehe. Ndugu wanachuo, tarehe hizo mnazijua. Makala haya yatazama upande usioguswa sana: nini kilifanyika katika maisha na uongozi wake kumhusu mtoto ambaye hajaingia shule, na mama ambaye hana wa kumwachia.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa Chifu, naye aliishi kwa jembe kama wanawake wenzake. Kambarage alichunga mbuzi, akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Miaka hiyo yote kabla ya shule hakukuwa na mwalimu wala darasa. Kulikuwa na mama, ndugu wakubwa na jirani. Watu husema malezi ya namna hiyo yalikuwa ya bure. Hayakuwa ya bure. Gharama yake ililipwa na mama kwa nguvu za mwili wake.

Mwaka 1937 alifika Tabora, katika shule ya serikali iliyokusudiwa hapo awali kwa watoto wa machifu, akakaa humo hadi 1942. Mji huo una kumbukumbu nzito. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakusafiri peke yao daima. Wengine waliongozana na wake zao, na wanawake hao walichukua vyungu na vyakula, na mtoto mgongoni katika mbeleko, kwa safari ya miezi. Vitabu vimejaa habari za pembe za ndovu. Habari za mama huyu zimeanza kuandikwa kwa makini karibuni tu. Mwalimu anayefundisha habari za misafara amchore naye ubaoni.

Alipokuwa Makerere, mwaka 1944, kijana huyu aliandika insha juu ya hali ya wanawake wa Kizanaki, akiyapima maisha yao kwa mawazo ya mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill. Si jambo dogo kwa mwana wa Chifu. Kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St Mary's, 1946 hadi 1949, akaenda Edinburgh, akarudi, akamwoa mwalimu mwenzake Maria Waningu mwaka 1953. TANU ilizaliwa 1954, na Januari 1958 ni Tabora hiyo hiyo ambako chama kilikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Hayo yamekwisha elezwa penginepo.

Baada ya Uhuru ndipo suala letu lilipojitokeza wazi. Umoja wa Wanawake, UWT, ulioundwa 1962, ulifungua vituo vya kulelea watoto. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu alitaka mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na umri wa kama miaka saba badala ya mitano au sita, ili amalize akiwa amekomaa kwa kazi. Hoja ilikuwa na nguvu, lakini iliongeza pengo: mtoto wa miaka sita naye sasa alibaki nyumbani. Wakati huo huo vijiji vya ujamaa viliwaita kina mama kwenye shamba la pamoja. Nani abaki na watoto?

Jibu lilikuwa kituo cha kijiji. Wanakijiji walitafuta jengo, au kivuli cha mwembe. Wazazi walitoa unga wa uji. Mlezi alitegemea kijiji kwa ujira wake. Serikali ilisaidia kwa mafunzo na usimamizi, na mwaka 1981 ikatunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana. Linganisheni na shule ya msingi: ada ilifutwa 1973, Azimio la Musoma likafuata 1974, na kufikia 1977 taifa lilikuwa likijitahidi kumpatia kila mtoto nafasi darasani. Kwa maoni yangu hapa ndipo Mwalimu alipoacha kazi nusu. Nchi ilikuwa maskini, hilo ni kweli. Lakini kituo kinachotegemea unga wa wazazi hufungwa mavuno yanapopungua, na mtoto humrudia dada yake, ambaye naye ni mwanafunzi wetu. Anayefundisha Urambo au Sikonge anajua: tumbaku huchumwa jani kwa jani, hukaushwa kwa moto katika bani, na bani si mahali pa mtoto mchanga. Msichana hukosa shule ili tumbaku isiharibike.

Mwalimu aling'atuka urais 1985, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Sera ya Elimu ya 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na tangu Januari 2016 darasa la awali katika shule za serikali halitozwi ada. Aliye chini ya umri huo, kwa sehemu kubwa, angali juu ya mfuko wa mzazi.

Mtakapofundisha maisha haya katika mazoezi ya kufundisha, msianze na tarehe. Waulizeni wanafunzi: wakati huu tuliomo darasani, nani amebaki na mdogo wako? Majibu yote yaandikwe ubaoni, pamoja na ya wale ambao viti vyao ni vitupu, kwa maana wenzao wanajua waliko.