Talal Maddah: Sauti ya Ardhi iliyozimika jukwaani

Usiku wa tarehe 11 Agosti mwaka 2000, watazamaji wa televisheni katika nchi nyingi za Kiarabu walimwona mwimbaji wa miaka 60 akiketi kitini mbele ya okestra, udi wake ukiwa kifuani.

Ilikuwa katika ukumbi wa Al-Muftaha mjini Abha, mji wa milimani kusini-magharibi mwa Saudi Arabia. Muda mfupi baada ya kuanza kuimba, mwanamuziki huyo alianguka mbele ya hadhara. Hakuinuka tena.

Aliyeaga dunia usiku huo ni Talal Maddah, mtu ambaye Wasaudi walimpa lakabu ya Sauti ya Ardhi. Kwa miaka arobaini alikuwa miongoni mwa walioutoa muziki wa nchi hiyo barazani na arusini na kuufikisha katika studio, redioni na mbele ya safu za wapiga fidla.

Yatima wa Makka

Talal alizaliwa Makka mwaka 1940. Mama yake alifariki angali mdogo, naye akalelewa na mama yake mdogo pamoja na mume wa mama huyo, Ali Maddah. Jina la mlezi huyo ndilo alilolibeba hadi kaburini.

Alikulia Taif, mji wa nyanda za juu ambao wakazi wa Makka na Jeddah huukimbilia wakati wa joto kali. Taif ulikuwa mji wa mawaridi na pia wa wanamuziki. Huko ndiko alikotoka Tariq Abdulhakeem, askari aliyepelekwa Misri katika miaka ya 1950 kusomea muziki, na aliyerejea nyumbani kuziasisi bendi za jeshi.

Kijana Talal alijifunza udi na kuanza kuimba katika hafla za mjini humo. Redio ya taifa, iliyoanza matangazo yake Jeddah mwaka 1949, ilikuwa ikitafuta sauti mpya.

Takriban mwaka 1960 redio hiyo ilirusha wimbo wake uitwao Wardak ya Zari' al-Ward, unaomzungumzia mpanda mawaridi. Wengi wanauhesabu kuwa mwanzo wa wimbo wa kisasa wa Saudi Arabia.

Sababu yake ni ya kiufundi. Kabla ya hapo, nyimbo nyingi za Hijazi zilikuwa na lahani moja iliyorudiwa kila ubeti, kama zilivyo nyingi za nyimbo za jadi za mwambao wa Afrika Mashariki. Katika wimbo huu lahani ilibadilika kutoka ubeti hadi ubeti, kisha ikarejea kwenye kiitikio. Msikilizaji akawa hajui anakopelekwa.

Fidla na umeme

Televisheni ilianzishwa Riyadh na Jeddah mwaka 1965, nayo haikupokelewa kwa amani. Wapo walioipinga kwa misingi ya dini, na damu ikamwagika. Hata hivyo Mfalme Faisal aliendelea nayo, na sura ya Talal ikaanza kuingia majumbani pamoja na sauti yake. Katika miaka hiyo hiyo aliigiza pia katika filamu ya Shari' al-Dabab, pamoja na mwimbaji wa Lebanon, Sabah.

Muziki wenyewe ulikuwa ukibadilika. Mwaka 1964, mjini Cairo, Umm Kulthum alikuwa ameruhusu gitaa la umeme kuingia katika okestra yake. Mlango huo ulipofunguka haukufungwa tena: vinanda na magitaa ya umeme vikaketi kando ya ganuni, nai na fidla.

Marekani na Uingereza nako, wanamuziki wa jazi na roki walikuwa wakichanganya okestra kubwa na ala za umeme, wakitafuta sauti za kumpeleka msikilizaji njozini. Santuri zao, hata zile ambazo hazikuuzwa zilipotoka, leo zinasakwa na wakusanyaji. Kazi za Jeddah na Riyadh za zama hizo hazijapata bahati hiyo nje ya ulimwengu wa Kiarabu.

Inayostahili kutajwa kwanza ni Maqadir, ya miaka ya 1970. Mashairi yake yalitungwa na Mwanamfalme Mohammed al-Abdullah al-Faisal, na lahani na Siraj Omar wa Jeddah. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa jina hilo, kwani ni ndugu wa neno kadari.

Ni wimbo mrefu. Okestra hutangulia peke yake, ikijenga na kubomoa, na mwimbaji anapoingia haonekani kuwa na haraka yoyote. Mzanzibari aliyelelewa na fidla za Ikhwani Safaa angeutambua mwendo huo tangu mapigo ya kwanza.

Wakati huo alikuwa amepata mshindani, Mohammed Abdu, mdogo wake kwa takriban miaka tisa. Mashabiki waligawanyika mithili ya wale wa Simba na Yanga, na ushindani huo ukawanufaisha wote wawili.

Miaka ya ukimya

Novemba mwaka 1979 watu wenye silaha waliuteka Msikiti Mkuu wa Makka. Baada ya kuwashinda, serikali iliwapa wahafidhina nafasi kubwa zaidi katika maisha ya umma. Kumbi za sinema zilifungwa, na maonyesho ya muziki mbele ya hadhara yakawa adimu mno Riyadh na Jeddah.

Talal hakuikana kazi yake, wala hakuhama moja kwa moja. Aliendelea kurekodi na kuimba nje ya nchi, na kanda zake zikazunguka kutoka gari hadi gari. Nchi ilimsikiliza faraghani, huku ikisita kumpa jukwaa hadharani.

Ndiyo maana Abha ilikuwa na maana kubwa. Tamasha lake la kiangazi lilikuwa miongoni mwa nafasi chache ambapo Msaudi aliweza kumwona mwimbaji wake akiwa nyumbani.

Kifo chake kilizusha mabishano. Baadhi ya wahubiri walikifanya onyo kwa wanaoshika udi. Mashabiki wake waliona mtu aliyefia kazini, kama mkulima afiaye shambani. Alizikwa Makka, mji aliozaliwa.

Alichokikosa

Mwanzoni mwa mwaka 2017 maonyesho makubwa ya muziki yalirejea Jeddah, kisha Riyadh. Aliyepanda jukwaani katika miji yote miwili alikuwa Mohammed Abdu, mshindani wake wa zamani. Mwaka 2018 sinema zilifunguliwa tena. Mwaka 2023 Riyadh iliandaa usiku mzima wa kumuenzi Talal, na ukumbi alioangukia Abha umepewa jina lake.

Serikali iliyofungua milango hiyo ndiyo inayoamua nani apite na nani azuiwe, na wapo Wasaudi waliofungwa jela kwa maneno yao katika miaka hiyo hiyo ya tamasha. Talal Maddah hakuishi kuyaona hayo. Alifanya kazi wakati ruhusa ilipokuwapo na ilipoondolewa, na nyimbo zake zilibaki zikisikilizwa nyakati zote mbili.