Marehemu Seyyid Said bin Sultan na Mirathi Yake

Seyyid Said bin Sultan alizaliwa Oman mwaka 1791, akashika utawala angali kijana, kisha akahamishia makao yake Unguja na kuijaza mikarafuu. Katika zama zake misafara ya pembe na watumwa ilifika Ujiji. Na waliofuata baadaye walipanda na ziwa hadi Uzige, palipo Bujumbura hivi leo. Kwa hiyo jina lake si geni kwa watu wa Buyenzi.

Alifariki tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, katika merikebu yake Victoria, akitoka Maskati. Alikuwa amepakia mbao za jeneza tangu mwanzo wa safari, asije akatoswa baharini. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye, alimzika Unguja usiku kwa siri, akitumaini kuutwaa utawala kabla ya mapambazuko; asifaulu.

Kwa hesabu ya bintiye Salme, marehemu aliacha watoto 36, wanaume 18 na wanawake 18, na mke mmoja wa ndoa, Bibi Azze binti Seif, asiye na mtoto. Wasia haukuweza kubadili mafungu ya hawa, kwani wasia hauzidi thuluthi, wala mrithi hausiwi. Fungu la mjane ni thumni. Saba ya nane iliyobaki hugawanywa mafungu 54: kila mwana mawili, kila binti moja. Masuria waliomzalia walikuwa huru kwa kufa kwake, ila hawakurithi. Lakini watoto wao walirithi sawa na mtoto yeyote wa ndoa. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi, wa Majid na wa Salme walikuwa Wacherkesi, na haki ya mtoto haikupungua kwa hayo. Salme, mwenye umri wa miaka kumi na miwili tu, alipewa fungu lake, shamba na fedha.

Ufalme ndio ulioleta mashaka, maana hauna mafungu. Khalid, aliyekuwa ametajwa kwa Unguja, alikufa mwaka 1854, na wasia haukumtaja mwingine. Majid akashika Unguja, Thuweni akashika Maskati, na mwaka 1859 Thuweni akatweka merikebu za vita, zikarudishwa na Waingereza. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Hindi, aliamua nchi ziwe mbili, na Unguja ilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Ndugu walihukumiwa na mgeni.

Salme alibatizwa Aden mwaka 1867, akaolewa na Mjerumani. Majid alipokufa mwaka 1870 hakupata kitu, na mwaka 1885 alirudi kudai, Barghash akamkatalia. Wengi humlaumu Barghash kwa moyo mgumu, na huenda ni kweli. Lakini tofauti ya dini huzuia urithi. Fungu la baba yake lilikuwa jambo jingine, kwani siku ile ya mwaka 1856 alikuwa Mwislamu.