Esther Howland: Binti wa muuza vitabu aliyegeuza kadi za mkono kuwa ajira ya wanawake

WENGI wanaonunua kadi ya salamu ifikapo Februari 14 huitazama picha, husoma maneno yaliyomo na kuuliza bei. Ni wachache wanaojiuliza ni nani aliyeifanya kazi ya kukata, kunakshi na kubandika karatasi hizo kuwa shughuli ya kumpatia mtu riziki.

Nchini Marekani, jibu la swali hilo huelekezwa kwa mwanamke mmoja, Esther Allen Howland, aliyezaliwa mwaka 1828 katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, na kufariki dunia mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 75.

Historia imempa heshima ya kuitwa Mama wa Kadi za Valentine wa Marekani. Hata hivyo, anayeyafuatilia maisha yake kwa makini atabaini kwamba ufundi wa vidole vyake ulikuwa nusu tu ya habari. Nusu ya pili, na pengine iliyo kubwa zaidi, ni namna alivyoipanga mikono ya wanawake wenzake katika zama ambazo binti aliyesoma alikuwa na milango michache sana ya ajira.

Nyumba ya karatasi na wino

Esther alikulia katika nyumba iliyojaa karatasi. Baba yake, Southworth Howland, alikuwa na duka la vitabu na vifaa vya kuandikia mjini Worcester. Mama yake alikuwa mwandishi wa kitabu cha mapishi na matunzo ya nyumba kilichochapishwa mwaka 1844.

Binti huyo alipelekwa katika seminari ya wasichana ya Mount Holyoke, iliyoanzishwa na Mary Lyon mwaka 1837, na akahitimu mwaka 1847. Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata, Februari 1848, mwalimu huyo mkuu aliwapiga marufuku wanafunzi wake kutuma kadi za Valentine, akiziona kuwa upuuzi. Habari hiyo ilihifadhiwa katika barua ya mmoja wa wanafunzi wa wakati huo, Emily Dickinson, ambaye baadaye alikuja kuwa mshairi mashuhuri.

Hivyo, kile kilichokatazwa shuleni ndicho kilichompatia jina mhitimu wa shule hiyo hiyo.

Kadi kabla ya Esther

Si kwamba Wamarekani hawakuwa na kadi za upendo kabla yake. Wasichana wa majimbo ya kaskazini mashariki walizoea kuzitengeneza wenyewe nyumbani. Walikata karatasi kwa mkasi zikatoa maumbo ya mioyo na ndege, na wengine walitoboa michoro kwa ncha ya sindano.

Ulikuwapo pia ufundi wa kutumia violezo uliofundishwa katika shule za mabinti. Umbo la tunda au ua lilikatwa katika karatasi ngumu, kiolezo hicho kikawekwa juu ya karatasi safi au kitambaa cha mahameli, kisha rangi ikapakwa katika uwazi. Kila sehemu ya ua ilikuwa na kiolezo chake, na rangi za maji zilikolezwa pembeni na kufifishwa katikati ili petali ionekane imejikunja.

Kazi hizo zilikuwa nzuri, lakini kila moja ilichukua muda mrefu na ilimhusu mtumaji na mpokeaji peke yao. Hazikuwa biashara.

Kadi kutoka Uingereza

Muda mfupi baada ya Esther kuhitimu, mmoja wa watu waliofanya biashara na baba yake alimtumia kadi iliyotengenezwa Uingereza. Ilikuwa na maua ya rangi na pambo la karatasi iliyofanana na lesi.

Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya Waingereza. Fundi aliiweka juu ya bamba la chuma lililochongwa michoro, akaishindilia kwa nguvu mpaka michoro ikainuka juu ya uso wa karatasi. Katika miaka ya 1830 iligunduliwa kwamba vilele vya michoro hiyo vikisuguliwa kwa msasa au tupa, hutoboka na kuacha vitundu vidogo vidogo kama vya lesi ya nguo.

Esther alivutiwa, akaamini kwamba anaweza kutengeneza kadi bora kuliko hiyo. Baba yake alimwagizia karatasi za lesi na mapambo ya maua kutoka Uingereza, naye akatengeneza sampuli zipatazo 12.

Kaka yake, aliyekuwa akisafiri kuuza bidhaa za duka lao, alizibeba sampuli hizo. Esther alitumaini kwamba zingeleta oda za dola 200. Kaka alirudi na oda za zaidi ya dola 5,000.

Wakati nao ulikuwa umewadia. Uingereza ilikuwa imeanza kusafirisha barua kwa peni moja tangu mwaka 1840. Marekani nayo ilipunguza gharama za posta mwaka 1845 na kutoa stempu zake za kwanza za taifa mwaka 1847. Kutuma kadi hakukuwa tena anasa ya matajiri.

Mikono mingi, kadi moja

Oda hizo zilimweka binti huyo katika njia panda. Kwa mikono miwili asingeweza kuzimaliza, na kwa kuzikataa angeipoteza biashara kabla haijasimama. Aliamua kuwaita marafiki zake wa kike na kuwapanga katika chumba kimoja cha juu nyumbani kwao.

Kazi iligawanywa. Mmoja alikata picha, mwingine alitandaza karatasi ya rangi ya msingi, wa tatu alibandika lesi, wa nne aliweka maua. Esther mwenyewe alibuni sampuli ya kuigwa na kukagua kila kadi kabla haijatoka. Ilikuwa ni miongo mingi kabla viwanda vya magari havijaufanya mgawanyo wa namna hiyo kuwa mashuhuri duniani.

Mahitaji yalipoongezeka, aliwafikia hata wanawake ambao hawakuweza kutoka majumbani. Kila mmoja alipelekewa sanduku lenye karatasi, mapambo na sampuli, na baada ya wiki moja kazi iliyokamilika ilikwenda kuchukuliwa. Mama mwenye mtoto mchanga aliweza hivyo kupata ujira bila kuvuka kizingiti cha nyumba yake.

Mwaka 1850 tangazo lake la kwanza lilitokea katika gazeti la Worcester Spy. Inaelezwa kwamba katika kilele cha biashara hiyo mauzo yalifikia dola 100,000 kwa mwaka, kiasi kikubwa mno kwa zama hizo.

Ubunifu nao haukukoma. Aliweka vipande vya karatasi nyembamba za rangi chini ya lesi nyeupe ili michoro ionekane dhahiri. Alitengeneza kadi zenye tabaka zilizoinuliwa kwa vikunjo vidogo vya karatasi. Maneno aliyaweka ndani badala ya usoni. Mwaka 1879 kampuni yake ilitoa kitabu cha beti 131, ili mteja asiyeridhika na maneno ya kadi achague mengine na kuyabandika juu yake.

Nyuma ya kadi zake palikuwa na alama ya herufi H nyekundu. Herufi hiyo ilimhakikishia mnunuzi ubora, ingawa haikueleza ni vidole vya akina nani vilivyoifanya kazi. Majina ya wengi wa wanawake hao hayakumbukwi leo.

Maumivu na kustaafu

Mwaka 1866 Esther aliumia goti, na kwa muda mrefu akalazimika kutumia kiti cha magurudumu. Hakuacha kazi. Mwaka 1870 aliipa biashara yake sura ya kampuni, na mwishoni mwa muongo huo aliihamishia katika jengo la kiwanda.

Haki inadai isemwe pia kwamba hakuwa Mmarekani wa kwanza kuuza kadi za Valentine. Jotham Taft, wa mji jirani wa Grafton, anatajwa kumtangulia. Alichofanya Esther ni kuikuza kazi hiyo kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 baba yake aliugua. Esther, ambaye hakuwahi kuolewa, aliiuza kampuni kwa George Whitney ili amuuguze mzazi wake. Mtu aliyewawezesha maelfu kutamka mapenzi alimaliza maisha yake ya kazi kwa kumtunza baba.

Whitney alinunua mashine za kuinua michoro na kutoboa lesi, hivyo karatasi ya Uingereza haikuhitajika tena. Kampuni hiyo iliendelea hadi mwaka 1942, ilipofungwa kutokana na uhaba wa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kadi za Esther zimehifadhiwa katika maktaba ya American Antiquarian Society mjini Worcester.

Funzo kwa Rwamishenye

Worcester ni mbali na kata ya Rwamishenye, Manispaa ya Bukoba, lakini hesabu ya kazi ni ile ile. Kadi ya mkono inahitaji karatasi ngumu, mkasi, gundi, kiolezo na rangi za maji. Katika Afrika Mashariki mafundi wameongeza malighafi ambayo Esther hakuijua, yaani magamba makavu ya mgomba, yanayokatwa na kubandikwa kuwa picha za mitumbwi, nyumba na akina mama wenye vikapu. Bukoba na Muleba hazina upungufu wa migomba.

Esther alilazimika kuagiza lesi ng'ambo ya bahari. Fundi wa Kagera anayo lesi yake shambani, na rangi yake ya kahawia haihitaji kupakwa.

Ni kweli kwamba ujumbe wa simu umechukua nafasi kubwa ya kadi. Lakini hata katika karne ya 19, aliyetaka kuandika mapenzi yake kwa gharama ndogo alikuwa na kalamu na karatasi tupu. Waliomwendea Esther walitaka kitu kinachoonyesha kwamba mtu ameketi, amekata na amebandika kwa uangalifu. Wanunuzi wa aina hiyo wapo hadi leo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuikusanya mikono, kuikagua kazi na kuilipa ipasavyo.