King Tubby, fundi wa redio aliyecheza mixa kama ala

Ukiwa ndani ya matatu inayopiga reggae, sikiza pale sauti ya mwimbaji inakatika ghafla, inabaki besi na mwangwi unaopotelea mbali. Hapo umekutana na Osbourne Ruddock, yule dunia inamjua kama King Tubby.

Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka wa 1941. Hakuwa mwimbaji. Alikuwa fundi wa redio na amplifaya, kisha akaunda mitambo yake ya kupiga muziki mtaani, Tubby's Hometown Hi-Fi. Pia alikuwa akimkatia prodyusa Duke Reid santuri. Katika kazi hiyo akaona kitu: ukimtoa mwimbaji, mdundo uliobaki unawasha watu vilevile.

Mapema miaka ya 1970 akafungua studio nyumbani, Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse. Usifikirie jumba. Waimbaji walikuwa wanarekodi bafuni! Mixa yenyewe ilikuwa mtumba, aliinunua kwa studio kubwa ya Dynamic. Kanda ilikuwa na njia nne pekee, kwa hivyo ala kadhaa zilibanana kwenye njia moja. Wewe na laptopu yako yenye njia mia bado unalia.

Sasa mwone akifanya kazi. Kanda inazunguka. Anashusha sauti ya mwimbaji katikati ya neno, anaitupa kwenye mashine ya mwangwi, anarudisha ngoma. Kuna kitufe kimoja kikubwa cha kuzungusha, kinachokata besi hatua kwa hatua hadi unabaki na sauti nyembamba ya kufoka. Kile kisanduku chenye springi alikuwa anakigonga kwa mkono, kinanguruma kama radi. Yote moja kwa moja, wimbo ukiendelea. Akirudia wimbo uleule dakika tano baadaye, unatoka mwingine kabisa.

Ndiyo dub hiyo. Prince Jammy na Scientist walijifunza kwake, na mwaka wa 1976 ikatoka King Tubby Meets Rockers Uptown, aliyoifanya na Augustus Pablo. Kama hujaisikia, tafuta hedifoni nzuri kwanza, spika ya simu itakudanganya.

Miaka ya 1980 akajenga studio mpya, kubwa. Hakuifaidi sana. Februari 6, 1989, akitoka kazini usiku, alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Alikuwa na miaka 48. Waliomuua hawajawahi kupatikana.